Amiri Mfu wa Magamaga

Wasomaji waliokuwa Mbale au Jinja mwaka 1987 hawana haja ya kusimuliwa upya jinsi jeshi la waasi la Alice Auma lilivyoteremka kutoka Acholi, kaskazini mwa Uganda, likapita Lira, Soroti, Kumi, Mbale na Tororo, hata likaja kuvunjikia Magamaga. Ninayotaka kuipima leo ni amri moja tu, nayo, nasema tangu hapa mlangoni, ilikuwa kosa lisilo na udhuru: amri ya kumkataza askari kujikinga.

Nidhamu ya jeshi lile ilikuwa njema, na safari yake ndefu ilistahili sifa, hayo yatosha.

Aliyetoa amri ile, kwa itikadi ya jeshi lenyewe, hakuwa Alice bali Lakwena, roho iliyosemekana kuwa ya kapteni Muitalia aliyezama katika mto Naili zama za Vita Kuu ya Kwanza. Askari alipakwa mafuta ya shea mwilini, wengine wakakabidhiwa mawe wayarushe mfano wa makombora ya mkono, kisha wakaamrishwa kusonga mbele wakiimba nyimbo za dini, pasipo kulala chini wala kujificha nyuma ya mti au kichuguu. Na hayo yalitendwa jirani na Kakira, ambako muwa uliokomaa humpita mtu kimo na kumsitiri bila malipo!

Hapo ndipo ninapomkamata huyo kapteni. Italia iliingia vitani mwaka 1915, na kandokando ya mto Isonzo maafisa wake walijifunza, kwa damu ya vijana wao, kwamba mbele ya bunduki za rashasha hapana hirizi ipitayo handaki. Afisa aliyetoka katika vita vile hawezi kulisahau somo hilo, hata kaburini. Basi aliyeamuru hivi, awaye yote, ukapteni wake ulikuwa wa kuazima.

Fauka ya hayo, somo lilikuwapo kwetu: tarehe 30 Agosti 1905, mbele ya boma la Mahenge, wapiganaji wa Maji Maji walisonga makundi kwa makundi kuzikabili bunduki mbili za rashasha, wakafyekwa.

Nimeandika mara nyingi, na sitachoka, kwamba tunawapuuza wajuzi wetu. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, alipoingia Bukedi mwaka 1899 alijenga ngome, akaacha walinzi, akapanda migomba ya kuwalisha. Mji wa Mbale ni tunda la hadhari hiyo, na hata aliyemchukia hawezi kumnyima ustadi. Lakwena aliingia Busoga, kwa watu wasiosema lugha ya askari wake, pasipo ngome nyuma wala akiba.

Alice alikimbilia Kenya, akafia kambini Dadaab mwaka 2007. Amiri wake, maadamu alikwisha kufa, hakuwa na la kuhofu mbele ya risasi. Waliokuwa nalo ni wale vijana, na ndio walionyimwa hata kichuguu.