Jinsi Asetilini Ilivyotiwa Mtungini

Tazama saa ya presha upande wa mpira unaokwenda kwenye tochi ya kuchomelea. Ile ya oksijeni inaruhusu kupanda sana. Ya asetilini ina alama nyekundu inayoanzia karibu na baa 1 tu. Alama hiyo haikuwekwa kwa urembo. Asetilini ikishindiliwa peke yake kupita hapo inaweza kuvunjika yenyewe kuwa kaboni na hidrojeni na kupasua chombo, hata kama ndani hamna hewa kabisa.

Basi mtungi wenye baa 15 na zaidi unawezekanaje?

Mwaka 1892 Thomas Willson, Mkanada aliyekuwa akihangaikia alumini kwa tanuri la umeme huko North Carolina, aliambulia kabaidi ya kalsiamu. Ukiitia maji, asetilini inatoka papo hapo. Taa za baiskeli na za migodini ziliwashwa hivyo. Kuisafirisha gesi yenyewe ndiko kulikoshinda watu. Waliojaribu kuigeuza kimiminika walilipukiwa.

Ufumbuzi ulianzia Ufaransa, ambako Georges Claude na Albert Hess walionyesha kwamba asetoni huinywa gesi hii: lita moja hubeba takriban lita 25 katika mgandamizo wa kawaida, na zaidi sana ukiongezwa. Ila gesi ikitumika, asetoni hushuka na kuacha uwazi juu, na hatari hurudi palepale. Ndipo mtungi ukajazwa kitu kigumu chenye vinyweleo vidogo mno, kinachofyonza asetoni yote; mlipuko ukianza humo hupoteza joto na kufa. Gustaf Dalén wa Uswidi alikiboresha kijazo hicho kwa ajili ya taa za kuongozea meli. Alipewa Nobeli ya Fizikia mwaka 1912, mwaka uleule mlipuko wa majaribio ulipompofusha. Kwangu mimi, kijazo hicho ni ubunifu mkubwa kuliko tochi yenyewe, ijapokuwa sifa zote huchukuliwa na mwali wake wa nyuzi 3,100 hivi.

Wengi gereji hawajui kwamba ndani mna asetoni, ndiyo maana mitungi hulazwa ovyo. Ikilala, asetoni hufuata gesi hadi kwenye mpira na tochi. Fundi, ukiletewa mtungi uliosafirishwa umelala, usiufungue. Usimamishe, uuache saa kadhaa kwanza.