Herufi Tano za Kubisha Hodi

Vijana wa Afrika waliofika Moscow kusomea udaktari au uhandisi katika Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa, kilichoanzishwa 1960 na mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba, hawakuanza na mifupa wala madaraja. Walianza na alfabeti. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa lugha, katika kitengo ambacho waliokipitia hukiita kwa kifupi chake cha Kirusi: podfak. Septemba mtu hajui hata kuomba maji. Septemba inayofuata amekaa ukumbini bega kwa bega na Warusi, ananakili mhadhara wa kemia kwa kasi ya mhadhiri asiye na habari naye. Sifa za mwaka huo tumezoea kumpa mwanafunzi, naye anastahili. Leo namtaka mtu mwingine: yule aliyekaa mezani kabla mwanafunzi hajapanda ndege, akaamua neno lipi litangulie na lipi lisubiri.

Kirusi kina herufi 33. Mwalimu mwenye pupa atazijaza zote ubaoni siku ya kwanza, na darasa litatoka na maumivu ya kichwa. Fundi huchagua tano: А, К, М, О, Т. Sura zake tunazijua na sauti zake karibu ni zilezile zetu. (Hiyo O ina vituko vyake, lakini vitangoja.) Kwa tano hizo unaandika мама, na hakuna wa kuuliza maana. Unaandika кот, paka. Unaandika там, pale. Unaandika кто, nani. Kisha unayaweka mawili pamoja: Кто там? Nani hapo? Mwalimu anagonga meza mara tatu, darasa zima linaitikia, “Kto tam?” Kwetu mgeni hupiga hodi na pengine akakaribishwa kabla hata hajaonekana uso. Huku mlango unauliza kwanza. Wanafunzi wamesoma sentensi kamili ya Kirusi na wameonja tabia ya mlango wa Kirusi, na saa ya kwanza haijaisha.

Kesho yake ndipo zinaletwa В, Н, Р na С, zile zenye sura ya nyumbani na tabia ya ugenini: ya kwanza husomwa v, ya pili n, ya tatu r, ya nne s. Ukizichanganya na zile tano siku moja, mwanafunzi hataiamini tena herufi yoyote.

Halafu kuna salamu. Salamu rasmi ya Kirusi ni zdravstvuyte, neno linaloanza na konsonanti tatu na kurundika nyingine katikati, mojawapo haitamkwi kabisa. Kwa ulimi uliozoea kila silabi imalizike kwa irabu, hiyo ni mifupa ya samaki. Njia ya mkato ipo, privet, lakini hiyo ni ya marika. Kumwambia privet mwalimu mwenye mvi ni sawa na kumpokea bibi yako kwa “mambo” badala ya shikamoo. Fundi mwenye busara huanza na dobry den, habari za mchana, ambayo haimkwazi mtu, na ile mifupa anaimumunyisha taratibu wiki nzima.

Ngazi ya chini kabisa ya mitihani ya Kirusi kwa wageni inadai maneno 780. Ukiyasikia ni mengi. Ukianza kuyagawa ni machache mno. Neno samovar linapendeza kwenye picha, lakini mgeni anaweza kumaliza mwaka asiliguse birika hilo la chai. Obshchezhitiye, hosteli, ni neno refu na baya kutamka, ila ndiko atakakolala usiku wa leo, kwa hiyo linaingia. Na lazima yaingie mawili haya: kto posledniy, nani wa mwisho. Ukifika kwenye korido ya kliniki utakuta watu wamekaa hovyo, hakuna mstari. Foleni ipo, ila imo vichwani mwao. Unauliza kto posledniy, mmoja anainua mkono, unakariri sura yake, unaketi popote. Asiyejua maneno hayo atasimama mlangoni akidhani yeye ndiye wa kwanza, na atagombezwa na korido nzima bila kuelewa kosa lake.

Somo ninalolihusudu kuliko yote ni la maua. Hesabu ya Kirusi ina ukorofi: moja ni roza, mbili hadi nne ni rozy, tano hadi ishirini ni roz. Unaweza kulichora hilo kwenye jedwali na kuliua. Au unaweza kumtuma mwanafunzi, darasani, kwa “muuza maua”, anunue mawaridi ya kumpelekea mwalimu. Anasema vizuri kabisa: dve rozy, mawaridi mawili. Sarufi ni safi, mkia wa neno uko mahali pake. Muuzaji anamtazama kwa huruma. Kwa Warusi maua ya idadi shufwa ni ya msibani. Ya mtu aliye hai huwa moja, matatu, matano. Darasa linacheka, mnunuzi anarudi kuomba tri rozy, kisha anajaribu pyat roz, na lile jedwali limeingia lenyewe. Wanaisimu Vereshchagin na Kostomarov walitoa mwaka 1973 kitabu kizima kuhusu lugha na utamaduni, wakishikilia kwamba kimoja hakifundishiki bila kingine. Nakubaliana nao, ingawa kozi nyingi zimewaelewa kwa kubandika ukurasa wa ngoma na vyakula mwisho wa sura. Utamaduni uliobandikwa mwishoni hurukwa.

Majina nayo hayamsumbui Mswahili kama akielezwa kwa lugha yake. Mwalimu wa Kirusi huitwa kwa jina lake na la baba. Mshairi Aleksandr Sergeyevich Pushkin ni Aleksandr bin Sergei. Angekuwa mwanamke, mwisho ungekuwa -yevna, yaani binti. Babu wa mama yake Pushkin, Abram Petrovich Gannibal, alikuwa Mwafrika aliyechukuliwa utotoni, na huyo “bin Petro” katika jina lake ni Tsar Petro aliyemsimamia ubatizo.

Hapo kwenye kumweleza Mswahili kwa lugha yake ndipo kozi nyingi zinaponiudhi. Vitabu vinavyotufikia vimeandikwa kwa wasemaji wa Kiingereza, na hutumia kurasa kumtuliza msomaji kwamba Kirusi hakina “the” na kwamba “mimi mwanafunzi” ni sentensi kamili bila kitenzi. Ya student. Mimi mwanafunzi. Nani kati yetu alihitaji kutulizwa? Hilo la kivumishi kupatana na nomino yake tumelijua tangu kitabu kizuri na viti vizuri. Shuleni tunalijua pia: shkola ikawa v shkole, shule ikawa shuleni. Lakini papo hapo pana shimo letu wenyewe. Sisi tuko shuleni na tunakwenda shuleni kwa -ni ileile. Mrusi aliyeko yuko v shkole, anayekwenda anakwenda v shkolu. Na huko kwenda kwenyewe kumegawanywa: idti kwa miguu, yekhat kwa chombo, na kila kimoja kina mwenzake wa kwenda na kurudi. Aliyeko Moscow akisema ya idu v Dar es Salaam ametangaza kwamba anatembea.

Basi atakayeiunda kozi hii kwa ajili ya wasemaji wa Kiswahili, na aufute ule ukurasa wa “the”, na siku atakazookoa azitumie zote kwenye neno kwenda.