Pointi 6, mstari mmoja na maji ya Nyamisati

Kijana wa delta ya Rufiji anayetaka kuwa mfamasia aanze na kitabu ambacho wengi hawakifungui: mwongozo wa udahili unaotolewa kila mwaka na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Ni kitabu kinene, kimeandikwa kwa Kiingereza, na kurasa zake nyingi hazimhusu. Kinachomhusu ni mistari michache ya kozi ya famasia, mmoja kwa kila chuo kinachoifundisha. Mstari huo unataja jina la kozi, namba yake, masomo na alama zinazodaiwa, pointi za chini, miaka ya kusoma na idadi ya nafasi. Maombi mengi yanayokwama Kibiti, wilaya ya delta hii, hukwama kwa sababu mtu ametuma kabla ya kuusoma mstari huo mpaka mwisho.

Tuanze na hesabu. Kidato cha sita A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. S ina nusu pointi, ila haihesabiwi kuwa ufaulu kamili wa somo. Shahada ya famasia, inayochukua miaka 4, hudai ufaulu kamili katika Fizikia, Kemia na Biolojia, na jumla isiyopungua pointi 6. Sasa chukua watoto wawili waliotoka darasa moja. Wa kwanza ana C ya Kemia, D ya Biolojia na E ya Fizikia: 3 na 2 na 1, jumla 6. Wa pili ana D tatu, naye ana 6. Wazazi watasema wamelingana. Mstari wa chuo ukidai C ya Kemia, yule wa pili yuko nje, na hakuna barua ya mwenyekiti wa kijiji itakayomrudisha ndani.

Kemia inapewa uzito huo kwa sababu ndiyo kazi yenyewe. ALu, dawa ya malaria ambayo kila zahanati ya delta inaijua, hushauriwa imezwe pamoja na chakula chenye mafuta, kwa kuwa lumefantrini iliyomo huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Mama wa Mbwera anayemlisha mtoto wali wa nazi kisha akampa dozi yake anaisaidia dawa ifike kwenye damu. Mfamasia ndiye anayepaswa kujua kwa nini, na kumweleza mama huyo kwa lugha anayoielewa. Tena Rufiji ina haki ya pekee katika habari hii. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Kibiti ikiwa bado ndani ya wilaya ya Rufiji, ni katika vituo vya afya vya huku watafiti walikoifuatilia tiba mseto ya malaria ya SP (sulfadoxine-pyrimethamine) na artesunate, kabla nchi haijahamia ALu kuanzia mwishoni mwa 2006. Watu wa huku walihesabiwa nyumba kwa nyumba, wakatoa damu, wakajibu maswali. Natamani sana watoto wao wawe upande wa pili wa meza ya dawa.

Turudi kwenye mstari, kwenye safu ya nafasi. Pointi 6 zinakuweka kwenye foleni tu. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ambako mafunzo ya famasia yalianza mwaka 1974 kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndicho karibu kila mwombaji anachokiandika kwanza. Mwenye 6 anayeomba Muhimbili peke yake amejinyima mwenyewe. Kuna Bugando kule Mwanza, kuna St. John's Dodoma, kuna Kampala International kwa upande wake wa Dar es Salaam. Ada za vyuo visivyo vya serikali ni kubwa zaidi, kwa hiyo mzazi azijue kabla ya kuomba, asije akazikuta kwenye barua ya kukubaliwa.

Namna ya kuomba nayo imebadilika, na wengi bado wanashauriana kwa kanuni za zamani. Kuanzia mwaka 2010 maombi yalipita kwenye mfumo mmoja wa TCU: unapanga chaguo zako, mfumo unakupa nafasi moja. Tangu 2017 mwombaji anaomba moja kwa moja kwenye kila chuo. Matokeo yake, mwenye pointi 13 anaweza kuchaguliwa na vyuo vitatu kwa mpigo, akashikilia nafasi tatu mpaka athibitishe moja. Zile mbili anazoziacha hurudi sokoni awamu ya pili. Ndiyo maana aliyekosa awamu ya kwanza akiwa na pointi 7 au 8 asifunge virago. Awamu ya pili kwake ni nafasi ya kweli, mradi aombe siku za mwanzo.

Wapo wanaopita njia nyingine, na hapa ndipo nina uchungu zaidi. Wengi wa delta hawafiki kidato cha sita cha sayansi. Wanatoka kidato cha nne, wanaingia chuo cha kati, wanasoma miaka 3 mpaka stashahada ya sayansi ya famasia. Ni njia nzuri. Kuingia chuo cha kati kunataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, Kemia na Biolojia yakiwemo. Kijana mwenye D ya Kemia na D ya Biolojia, aliyepata F ya Hisabati na F ya Fizikia, anapokelewa. Anasoma kwa bidii, anamaliza na wastani mzuri, anafanya kazi, halafu anaamua kuomba shahada. Anafungua mwongozo wa wenye sifa linganishi na kuona stashahada yenye wastani wa B, au GPA isiyopungua 3.0. Anayo, anafurahi. Lakini sentensi haijaisha. Inaendelea kudai angalau D ya kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza. Ile F ya Fizikia aliyoizika miaka 5 iliyopita imefufuka.

Hili linatibika, na tiba yake haingojei stashahada iishe. Mwenye F hizo ajiandikishe kama mtahiniwa wa kujitegemea na arudie masomo hayo mawili mapema, angali na kumbukumbu ya darasani. Atapata namba ya mtihani inayoanza na P badala ya S, na wakati wa kuomba ataingiza namba zote mbili ili mfumo uyavute matokeo yote mawili. Laiti kila mwalimu wa kidato cha nne kuanzia Nyamisati mpaka Mbuchi angewaambia hivyo wanafunzi siku wanayochukua matokeo.

Halafu kuna saa. Matokeo ya kidato cha sita hutoka mwezi Julai, na dirisha la kuomba hufunguliwa karibu na hapo. Wakati huo wahitimu wengi wako Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa mujibu wa sheria. Kibiti yenyewe ina kambi. Vijana wa mikoa mingine wanakimbia mchakamchaka hapa, huku wa Kibiti wakikimbia Ruvu au Mafinga. Simu kambini haishikwi upendavyo. Kwa hiyo maombi hufanywa na kaka, na shangazi, na mjomba mwenye simu janja, na mara nyingi sana na kijana wa steshenari.

Delta ina saa yake pia. Maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50. Boti iliyopata maji ya kutosha kutoka kijijini saa 12 alfajiri ya Jumatatu, Jumatatu inayofuata itangoja mpaka karibu saa 6 mchana. Msafiri akifika Nyamisati mchana, bado ana barabara ya Bungu, kisha lami mpaka Kibiti mjini, na akifika steshenari kuna foleni. Anayepanga kwenda siku ya mwisho ya dirisha aanze kwa kuuliza maji yatajaa saa ngapi. Mimi ningesema aende wiki ya kwanza, wakati mfumo wa chuo haujaelemewa na mtandao unafungua ukurasa.

Tumtazame sasa akiwa kwenye kiti cha plastiki mbele ya kompyuta. Mwombaji ana cheti kwenye bahasha ya kaki, kimekunjwa mara nne. Kijana wa steshenari anaandika namba ya mtihani ya kidato cha nne: S, tarakimu nne za shule, mkwaju, tarakimu nne za mtahiniwa, mkwaju, mwaka. Tarakimu moja ikikosewa, jina la mtu mwingine linatokea kwenye skrini, na katika haraka ya foleni naye anaweza kubonyeza kuendelea. Mwenye stashahada anaongeza namba ya uhakiki wa tuzo yake kutoka NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati. Ukurasa unaofuata unataka simu na barua pepe. Mwombaji hana barua pepe. Kijana anamfungulia, anatunga nywila, anaiandika nyuma ya risiti. Simu anaandika ya kwake, «ili nikupe taarifa, dada».

Hapo pana hatari kubwa kuliko ya alama. Aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja anatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba maalumu, na namba hiyo hutumwa kwa simu au barua pepe aliyojaza siku ile. Ikitua kwenye simu ya kijana wa steshenari ambaye siku hiyo amehamia Mbagala, siku za kuthibitisha zinaweza kupita binti yuko kijijini akiwa hana habari. Simu iandikwe ya mtu wa nyumbani ambaye hayumo kambini na hahami, na nywila iandikwe kwenye daftari, maana risiti ya kufungia maandazi haikai.

Majina nayo yana mambo yake huku pwani. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanahamisi, cha kidato cha nne kinasema Mwanaamisi, kitambulisho cha taifa kimeruka jina la babu. Chuoni huenda akapita, lakini Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na kwa yatima hati ya kifo cha mzazi iliyohakikiwa vilevile. Ada ya fomu ya mkopo ni shilingi 30,000, fedha ambayo mvuvi wa kamba anaihesabu. Inauma kuilipa halafu fomu ikakataliwa kwa herufi moja. Marekebisho ya jina yanataka kiapo, na kiapo kinataka safari nyingine ya maji na barabara. Kazi hiyo ifanywe kidato cha tano, wakati wa likizo ya Desemba, kabla foleni ya Julai haijaanza. Na siku hiyo hiyo ya safari, mzazi apite dukani asajili laini kwa jina lake mwenyewe, namba yake iandikwe kwenye jalada la daftari la mtoto.