Bolti Iliyolegea, na Nani Alipe

Februari 2014 Porsche iliwaomba wenye magari 785 aina ya 911 GT3 wayaegeshe na wasiyaendeshe tena. Mengi yalikuwa na miezi michache tu tangu yakabidhiwe. Mawili yalikuwa yameharibika injini na kuwaka moto huko Ulaya, ingawa hakuna aliyeumia. Wauzaji wakajitolea kuyafuata magari nyumbani kwa wateja na kuyabeba hadi karakana zao. Yale ambayo hayajakabidhiwa yakazuiwa.

Tarehe 18 Machi jibu likatolewa. Bolti za konrodi, mkono unaoshika pistoni, zilikuwa zimelegea. Konrodi ikilegea hupiga bloku ya injini, bloku hutoboka, oili huvuja na kuwaka. Kila gari kati ya yale 785 likapangiwa injini nzima, mpya, yenye bolti zilizoboreshwa.

Fundi yeyote wa Gerezani pale Dar es Salaam, au wa Grogan jijini Nairobi, angeuliza papo hapo: kwa nini injini nzima? Bolti ni bolti. Si ufungue, uweke nyingine, ukaze kwa kipimo, gari liondoke?

Swali hilo ni la haki, na ndani ya jibu lake kuna somo lote la jinsi wauzaji wanavyoyashughulikia magari ya spoti ambayo bado ni mapya. GT3 ile ilikuwa na injini ya lita 3.8 iliyoruhusiwa kufika mizunguko 9,000 kwa dakika, yaani mizunguko 150 kila sekunde. Pistoni husimama juu na husimama chini katika kila mzunguko, kwa hiyo husimama na kugeuka mara 300 kwa sekunde moja, na kinachoizuia isikimbie moja kwa moja ni bolti mbili za konrodi yake. Bolti za namna hiyo zikikazwa hurefuka kidogo, na kukaza huko ndiko nguvu yake. Konrodi na kifuniko chake huenda pamoja, havichanganywi. Bolti ikiwa imeanza kulegea, huwezi kujua kwa macho beringi imeumia kiasi gani. Na kazi hiyo ingefanywa katika karakana nyingi, nchi nyingi, kwa mikono tofauti. Injini iliyofungwa kiwandani hutoka mahali pamoja, kwa vipimo vilevile.

Anayetilia shaka uamuzi huo aangalie kilichotokea miaka minne baadaye. Novemba 2018 Subaru na Toyota ziliyaita karakana magari yenye springi dhaifu za vali, yakiwemo Subaru BRZ na Toyota 86 za mwanzo. Safari hii kazi ilipewa mafundi wa wauzaji: shusha injini, ifungue, badilisha springi, pakaza gundi ya silikoni, funga. Wapo wenye magari ambao injini zao zilinoki baada ya matengenezo hayo. Walilalamika hadi mahakamani, wakidai gundi iliyozidi ilimeguka na kuziba njia za oili. Gari liliingia karakana likiwa linatembea vizuri, likatoka na ugonjwa ambao halikwenda nao. Ndiyo maana nasema injini 785 hazikuwa ufujaji. Zilikuwa njia ya gharama kubwa ya kukiri kwamba kuna kazi ambazo karakana ya muuzaji haifai kupewa.

Muuzaji mwenyewe, lakini, hana uhuru wa kuamua hivyo. Tabia yake haieleweki mpaka ujue analipwaje.

Gari likiwa ndani ya dhamana, mteja halipi. Anayemlipa muuzaji ni kiwanda, tena kwa saa zilizopangwa kwa kila kazi, si saa ambazo fundi alizitumia kweli. Fundi akiuwinda mlio siku mbili hadi akaupata, anaweza kuambulia malipo ya saa moja ya uchunguzi. Spea iliyotolewa hutunzwa kwa sababu kiwanda kinaweza kuidai. Baadaye wakaguzi hupitia karatasi za kazi, na dai wanaloona halikustahili, fedha yake hukatwa kwa muuzaji. Mtu anayeishi hivyo hujifunza uoga. Anayekwambia dirishani kwamba wamelijaribu gari na hawakuona tatizo si lazima awe mwongo. Huenda hana namba ya kazi ambayo kiwanda kitailipia. Siku kiwanda kinapotuma waraka unaotaja dalili ile ile uliyoilalamikia, mtu huyohuyo atakupokea kwa tabasamu, na gari litapewa nafasi asubuhi inayofuata.

Katika magari ya spoti kuna jambo la pili: kompyuta inakumbuka. Kompyuta ya injini ya Porsche huhesabu kila mara injini inapopita kikomo chake, hugawa hesabu hiyo katika madaraja sita, na huandika ilitokea injini ikiwa na saa ngapi za kazi. Madaraja ya chini hupatikana hata kwa dereva aliyekanyaga mafuta hadi mwisho bila kosa. Ya juu hupatikana gia inapoingizwa vibaya, kama mtu anayetoka ya tatu akitaka ya nne akaangukia ya pili. Kwa muuzaji orodha hiyo ni ngao: daraja la juu likiwa na namba, dai la injini linaweza kukataliwa, na gari likirudishwa kuuzwa, bei yake inashuka.

GT3 ya 2014 iliinyima ngao hiyo nguvu. Ilikuja na giaboksi ya PDK peke yake, ya klachi mbili, bila ile ya kubadilishwa kwa mkono, na kompyuta yake hukataa kushusha gia itakayozidisha mizunguko. Mkono wa dereva haungeweza kulaumiwa. Naamini hilo lilichangia kuufanya uamuzi wa Machi uwe mwepesi kiasi kile, maana mlango wa kumtupia mteja mzigo ulikuwa umefungwa na wahandisi wenyewe.

Ugonjwa wa pili wa injini ileile haukupata haraka hiyo. Kati ya kamshafti na vali kuna roka ndogo, nyembamba kama kidole, moja kwa kila vali, 24 kwa jumla. Kwenye mizunguko 9,000 kamshafti huzunguka mara 75 kwa sekunde, na kila roka hupigwa mara 75. Baadhi zilianza kulika. Dereva alisikia injini ikimisi, taa ya injini ikawaka, na muuzaji akabadilisha injini nzima, gari moja moja, kimya kimya. Mwenye gari aliyepewa injini ya pili kwa sababu ya bolti aliweza kujikuta akiisubiri ya tatu kwa sababu ya roka.

Hapa hapakuwa na tangazo, wala moto wa kulazimisha tangazo. Hali hiyo iliwaweka wauzaji pabaya. Aliyekuja na tatizo ndani ya dhamana ya kawaida alihudumiwa. Aliyekaribia mwisho wa dhamana alianza kuhesabu siku. Aliyetaka kuuza alikutana na wanunuzi waliokwisha kujifunza kuuliza herufi ya mwisho ya injini, E, F au G, wakijua G ndiyo ya mwisho kuboreshwa. Gari la fahari likageuka gari la kusubiri lini litaharibika.

Mwaka 2017 Porsche ya Amerika Kaskazini ilifanya jambo ambalo nalipa alama za juu kuliko hata injini 785. Iliongeza dhamana ya injini za GT3 hizo hadi miaka 10 au maili 120,000, ikihesabiwa tangu gari lilipoanza kutumika, na dhamana ikafuata gari hata likiuzwa. Roka zilizokwisha kufungwa hazikuponywa na karatasi hiyo, lakini mahali pa uoga palihama. Muuzaji hakuwa tena na sababu ya kuvuta siku ili muda umalizike. Mnunuzi wa pili hakuwa na sababu ya kukimbia. Kiwanda kikabeba mzigo wa hitilafu iliyotoka kwenye michoro yake. Wakati huohuo wahandisi walikuwa wamekwisha kuchora upya: GT3 ya 2017, ya lita 4.0, ilikuja na mfumo mgumu wa vali usiotumia oili kujirekebisha, mwanya wake ukipimwa kiwandani.

Linganisha na Nissan GT-R za mwanzo zilizouzwa Marekani. Gari lilisifiwa kwa uwezo wa kuondoka kama mshale, lakini ili kuondoka hivyo ilibidi dereva azime mfumo wa kuzuia gari kuteleza, na kitabu cha gari kilisema uharibifu utakaotokea mfumo huo ukiwa umezimwa haumo kwenye dhamana. Giaboksi zikavunjika, wauzaji wakasoma kitabu kwa sauti. Baadaye Nissan ilibadilisha programu ili gari liondoke kwa mizunguko ya chini zaidi. Na Marekani hiyohiyo, Toyota GR86 mpya ilipokuwa ikiuzwa pamoja na uanachama wa mwaka mmoja wa klabu ya kuendesha gari kwenye uwanja wa mbio, mwenye gari mmoja alikataliwa dai la injini kwa sababu zilionekana picha za gari lake likiteleza kwa makusudi. Kelele zilipokuwa kubwa, Toyota ikalipia. Kumuuzia mtu uwanja wa mbio kisha kumlaumu kwa kwenda huko ni dhulma, na muuzaji aliyesimama dirishani ndiye aliyetumwa kuitamka.

Sheria nayo inaamua muuzaji asimame upande gani. Uingereza, chini ya sheria ya haki za mlaji ya 2015, anayewajibika ni yule aliyekuuzia. Ndani ya siku 30 unaweza kulirudisha gari lenye hitilafu. Baada ya hapo muuzaji hupewa nafasi moja ya kutengeneza, akishindwa unaweza kulikataa, ingawa fedha ya matumizi inaweza kukatwa. Katika miezi sita ya kwanza hitilafu huchukuliwa ilikuwapo tangu mwanzo, na kazi ya kuthibitisha vingine ni ya muuzaji. California, mteja hudai kwa kiwanda: majaribio manne ya kutengeneza, au zaidi ya siku 30 karakana, ndani ya miezi 18 au maili 18,000, humpa mteja nguvu. Ndiyo maana muuzaji wa London huogopa siku ya 29, na wa Los Angeles huandika karatasi ya kazi kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa kila mara gari linapoingia karakana huhesabiwa.

Magari kama haya yakishuka bandarini Mombasa au Dar es Salaam, sheria hizo hubaki zilikotoka. Kenya hairuhusu gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane, hivyo Toyota 86 ya 2012 iliweza kuingia kabla au baada ya mwito wa springi. Je, springi zake zilibadilishwa Japani, na zilibadilishwa vizuri? Namba ya chesi ndiyo inayojibu swali la kwanza, na wanunuzi wengi hupewa karatasi za mnada tu, hawaambiwi waulize zaidi.

Dhamana ile ya miaka 10 ilianza kuhesabiwa siku mteja wa kwanza alipokabidhiwa funguo. Kwa magari yaliyoanza kutumika mwaka 2014, imekwisha. Leo GT3 kama hiyo ikiingia karakana Marekani ikimisi, taa ya injini ikiwa imewaka, fundi atasoma kompyuta kama zamani, kisha kabla ya kushika spana ataangalia herufi ya injini na tarehe ya kwanza, na mshauri wa huduma atamgeukia mwenye gari na kumuuliza kama yuko tayari kulipia uchunguzi.