Orodha ya Machi na Orodha ya Aprili

Kila msimu wa mpira wa kikapu wa wanawake wa vyuo vya Marekani unapomalizika, wapenzi wa mchezo huo hugombana juu ya orodha mbili za timu bora 25. Ya kwanza ni ya waandishi wa habari. Kwa miaka mingi shirika la AP liliifunga mwezi Machi, kabla ya mtoano wa NCAA. Ya pili ni ya makocha, nayo hutoka Aprili, bingwa akiwa amekwisha kujulikana. Wengi huicheka ile ya Machi: vipi iitwe ya mwisho na mechi kubwa bado hazijachezwa? Mimi naitetea, ingawa si kwa kila kitu.

Tazama msimu wa 2022/23. South Carolina ilishinda mechi 36 mfululizo. Mnamo Februari iliicharaza LSU 88 kwa 64. Kisha, Machi 31, Iowa ikaifunga 77 kwa 73 katika nusu fainali, na siku mbili baadaye LSU ikaifunga Iowa 102 kwa 85 na kutwaa kombe. Makocha wakaiweka LSU juu kabisa. Kwa maoni yangu hapo hawakupima chochote, walinakili tu jina lililokwisha kuandikwa kwenye kombe. Kombe lina heshima yake, wala LSU hawakuliiba. Lakini anayetaka kujua nani alikuwa bora tangu Novemba atajibiwa vizuri zaidi na orodha ya Machi.

Udhaifu wa orodha zote mbili uko kwingine. Timu za daraja la kwanza ni zaidi ya 350, na hakuna mpiga kura awezaye kuzitazama zote. Madina Okot, Mkenya wa Mumias, alicheza Mississippi State msimu wa 2024/25 akiwa mgeni kabisa wa ligi hiyo, na wastani wake ulikuwa pointi 11 na ribaundi karibu 10 kwa mechi. Timu yake ilipangwa ya tisa katika kanda yake. Aliyesoma majina ya juu pekee asingekutana na binti huyo. South Carolina walikutana naye, wakamchukua.

Hata hivyo kinachonivutia zaidi ni jinsi orodha hizi zilivyoanza. Mwaka 1976, Mel Greenberg wa gazeti la Philadelphia Inquirer alianza kukusanya kura za makocha wa timu za wanawake, kwa simu. Magazeti mengi hayakuchapisha hata matokeo yao. Ili kupata kura, kwanza ilibidi apate matokeo: nani kacheza na nani, wapi, ngapi kwa ngapi. NCAA yenyewe ilikuwa haijaanza kuandaa ubingwa wa wanawake, ilianza 1982. Kwa hiyo tukisema kura zile zilikuwa na upendeleo (na kura gani haina?), tukumbuke kwamba kabla yake hapakuwa na kitu cha kupendelea. Delta State, chuo kidogo cha Mississippi kilichotwaa ubingwa wa taifa 1975, 1976 na 1977, kilianza kujulikana mbali na kwao.

Hapo ndipo nauona upungufu wetu. Huku Mofwe, kando ya Ziwa Mweru, wasichana wanacheza netiboli kwa bidii kwenye viwanja vya udongo. Katika shule niliyosoma, matokeo yaliandikwa kwa chaki ubaoni, na Jumatatu ubao ukafutwa kwa ajili ya hesabu. Mchuuzi wa samaki Kashikishi ana daftari la madeni la miaka. Timu zetu hazina la mwezi mmoja. Nimesikia wenzangu chuoni wakidai tuwe na orodha ya ubora ya timu za wanawake, ya kura au ya kompyuta. Kura za nini, ikiwa mechi ya Jumamosi iliyopita hakuna anayekumbuka iliishaje? Aanze mmoja kushika daftari pembeni ya uwanja, aandike tarehe, timu na magoli. Ubishi wa nani wa kwanza hautatukimbia.