Stata Inayosaga Meno: Uchambuzi wa Pikipiki ya Virago

Katika mwaka 1981 kampuni ya Yamaha ya Japani ilitoa pikipiki ya XV750, iliyojulikana kwa jina la Virago, yenye injini ya sentimita za ujazo 748 na silinda mbili zilizopangwa kwa umbo la herufi V katika pembe ya nyuzi 75. Na kwa kuwa haikupewa kiki, mwenye chombo hiki hutegemea kitufe cha stata kuiwasha injini yake. Kwa sababu hiyo ule mlio wa chuma kusaga chuma, uliozipa sifa mbaya Virago za miaka ya mwanzo, si kero ya masikio tu, bali ni onyo la kukwama njiani, nao wastahili kuchunguzwa kwa utaratibu, si kwa ghadhabu.

Ili kuujua ubovu yapasa kwanza kuufahamu utendaji. Nguvu ya stata hufika kwenye shafti fupi iliyochongwa mifuo ya mshazari, na juu ya mifuo hiyo hukaa gia ndogo iliyovishwa kibanio cha springi, ambacho ncha yake imezuiliwa katika mwili wa injini. Shafti inapoanza kuzunguka kwa ghafla, kibanio huishika gia isizunguke papo hapo pamoja nayo, na gia, kwa kunyimwa uhuru huo, hulazimika kutambaa kando kufuata mshazari mpaka meno yake yaingie kati ya meno ya flaiwili. Ikifika mwisho wa mwendo wake haina budi kuzunguka na kuizungusha injini, na injini ikiwaka, mifuo ile ile huirudisha mahali pake. Basi masharti ya kazi hii ni mawili: mkazo wa kibanio, na mzunguko wa stata ulio mkali tangu mwanzo. Likikosekana mojawapo, gia huparuza ncha za meno badala ya kuingia.

Aghalabu fundi mwenye haraka huyahukumu meno kwa kuwa ndiyo yanayolia, ilhali taksiri huenda imo katika umeme, ambao hupimwa bila kuifungua injini. Betri iliyojaa na kupumzika huonyesha takriban volti 12.6; kitufe kikibonyezwa, ikishuka chini ya volti 10 hivi, betri ndiyo ya kutiliwa shaka kwanza. Ikiwa salama, ncha moja ya mita iwekwe kwenye teminali hasi ya betri na ya pili kwenye mwili wa stata inapozunguka: ikionyesha zaidi ya nusu volti, ethi ina kizuizi, na kutu iondolewe kabla ya jambo jingine lolote. Fauka ya hayo, stata yenyewe ikaguliwe, maana oili ipenyayo katika sili iliyochakaa huchafua brashi za kaboni na kuidhoofisha. Mafundi wengi waliozizoea pikipiki hizi wameondokana na udhaifu huo kwa kufunga stata ya brashi nne mahali pa ile ya asili yenye brashi mbili.

Umeme ukithibitika kuwa timamu na mlio ungali upo, ndipo oili imwagwe na kava la kushoto lifunguliwe. Kibanio kilichochoka hung'aa upande wa ndani kana kwamba kimepigwa msasa, na gia huteleza ndani yake kwa kusukumwa na kidole bila upinzani. Kukibana kwa koleo huweza kukisaidia kwa muda, lakini dawa yake ni kufunga kipya. Michubuko myepesi ya meno huondolewa kwa tupa laini. Jino lililomeguka haliponi, na pete ya flaiwili yenye jino hilo hubadilishwa, maana injini izimwapo huelekea kusimama karibu mahali pale pale, hata meno machache yale yale yakabeba mapigo yote. Vipande vilivyomeguka navyo visakwe kwa makini, hasa juu ya sumaku za flaiwili, ambazo huvinasa.

Mlio ukisikika, kidole kiachie kitufe mara moja, kwani kila msago huondoa chuma kisichorudi. Kisha mita itangulie na spana ifuate. Maana anayefunga pete mpya huku betri yake ni dhaifu, amenunua meno mengine ya kusagwa kama yaliyotangulia.