Saa ya Kutunga Asumini

Sebule nyingi za Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam leo zina maua. Yapo mezani, yapo pembeni ya televisheni, yananing'inia ukutani chini ya dari la jipsamu. Kwa wingi yanayapita yale yaliyowahi kuwamo katika nyumba za bibi zetu, lakini hakuna hata moja lililochumwa. Ni ya plastiki na ya kitambaa, waridi na yungiyungi zilizonunuliwa dukani zikiwa zimekwisha kuchanua, na zitabaki zimechanua hivyo hivyo masika na kiangazi, nyumba ikiwa na harusi au ikiwa na msiba. Kwa hiyo haifai kuwalaumu watu wa leo kwamba wameacha kupenda maua. Mapenzi yapo, na fedha zinatolewa. Kilichopotea ni kazi ya mikono iliyoyaingiza maua ndani kwa saa yake na kwa msimu wake, na ninaamini kazi hiyo ilikuwa na thamani kuyapita maua yenyewe, kwa sababu ndiyo iliyoifanya nyumba ijue imo katika wakati gani.

Tuitazame asumini, maana hakuna ua lililozoeleka zaidi katika nyumba za pwani. Vitumba vyake huchumwa alasiri, vikiwa vimejaa na kuwa vyeupe, bado vimefumba. Anayewahi mno hupata vitumba vya kijani ambavyo havitafunguka kamwe. Anayechelewa mpaka magharibi hulikuta ua limekwisha kuachia, na ua lililoachia huchubuka likiguswa, likaingia rangi ya kahawia pale pale kucha ilipopita. Nafasi ya kufanya kazi ni hizo saa chache tu. Vitumba huwekwa katika kitambaa kibichi au jani la mgomba, kisha mtungaji huketi na sindano nyembamba na uzi kutunga koja, yaani shada la maua. Sindano hupita kwenye kikonyo, kitumba chenyewe hakiguswi, na baina ya ua na ua huachwa nafasi ndogo ambayo asiyejua ataiona ni uvivu. Hapo ndipo ulipo ufundi wote. Mtungaji anashughulika na kitu kilichofumba huku akikadiria kitakuwa na umbo gani kitakapofumbuka. Koja lililotungwa vizuri, likitazamwa saa kumi na moja jioni, huonekana jembamba na lenye mapengo. Saa tatu usiku limejaa, kila ua limepata mahali pa kukaa. Lililobananishwa ili limpendeze mnunuzi barazani huja kuvurugika chumbani, maua yakisukumana na kukatana. Harufu nayo ina saa yake. Asumini hunukia zaidi usiku, kwa kuwa wanaoitwa na harufu hiyo ni nondo warukao gizani. Koja likitandazwa juu ya foronya baada ya isha linakuwa linatoa kilicho bora kabisa cha uhai wake, na kunapopambazuka huwa limenyauka na hufagiliwa.

Mtu anaweza kuuliza, basi faida yake nini, kazi ya alasiri nzima kwa pambo la usiku mmoja? Jibu langu ni kwamba kulazimika kurudia ndiko kulikomfunza mtungaji kutazama. Mwenye kuchuma kila siku huujua mwasumini wake: ajua kwamba wakati wa joto vitumba ni tele, kwamba mvua ikishapita hutoka machipukizi mapya na ua hufuata chipukizi, kwamba kipupwe kikiingia maua huwa haba na inabidi koja lichanganywe na rihani ili litimie. Kikuba nacho kilifunza hayo hayo kwa njia pana zaidi, maana hukusanya vingi: mkadi uliokatwa vipande vidogo, majani ya rihani, asumini, petali za waridi, na kilua kikipatikana, vyote vikashonwa pamoja kuwa kishada kidogo cha kubandikwa kwenye nywele au kifuani, au kuachwa chumbani kinukie. Viungo hivyo havipatikani kwa wingi mmoja mwaka mzima. Kikuba cha mwezi huu hakiwi cha mwezi ujao, na mwenye pua iliyozoea angeweza kuujua msimu akiwa ameketi ndani.

Utamaduni huu si wa jana. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, alipomtungia bintiye utendi wa wosia mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alikuwa na mambo mazito ya kusema: dini, heshima, namna ya kuishi na watu. Hata hivyo alipata nafasi ya kumwagiza atunge asumini na kuiweka kitandani, akaliweka agizo hilo bega kwa bega na kuoga na kufunga nywele. Kwa maneno mengine, hakulichukulia kuwa jambo la sherehe. Aliliona kuwa sehemu ya kuitengeneza siku, na mama anayejiona yu karibu na kifo hapotezi beti kwa upuuzi. Kabla yake, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, alipotaka kuonyesha jinsi fahari ya Pate ilivyoanguka, alizitaja zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, ambazo zamani zilipangwa vyombo na ambazo sasa zimekuwa makazi ya ndege. Angeweza kutosheka na majeshi na hazina. Akachagua pia ukuta wa ndani na kile kilichopangwa juu yake. Alijua kwamba wasomaji wake wangeipima hali ya nyumba kwa vitu vidogo vinavyotunzwa na mkono kila siku.

Zidaka hizo zinanipeleka kwenye pingamizi lililo zito zaidi, na si haki kulipita. Nyumba za mawe za Lamu na Pate zenye ndani iliyonakshiwa kwa chokaa, zenye zidaka zilizopangwa sahani za Kichina, zilikuwa za waungwana, na raha iliyokuwamo ilitegemea jasho la watumwa. Mtu akisema kwamba ninayoyalilia yalikuwa mapambo ya wachache, hakosei kuhusu nyumba hizo. Lakini asumini haikubaki humo. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na mengi yaliyokuwa alama ya uungwana yakachukuliwa na kila mtu, mavazi na manukato yakiwa mbele. Mwasumini uliota uani mwa nyumba za udongo na makuti kama ulivyoota penye kuta za matumbawe. Ua lisilonunuliwa haliulizi ukoo. Wanawake ambao mama zao walitungia wengine walijitungia wenyewe, na kama kuna historia ndani ya koja la asumini ambayo ingefaa tuione fahari, ni hiyo. Ndiyo maana inauma kuona kitu kilichopatikana kwa shida namna hiyo kikiachwa kirahisi, na wajukuu wa wanawake hao wakiambiwa kwamba pambo la kistaarabu ni lile linalotoka dukani katika karatasi ya nailoni.

Sitaki kudai kwamba ni asumini peke yake. Bara nako kulikuwa na kazi inayofanana, hata kama ua halikuhusika. Vitambaa vya makochi, vilivyofumwa kwa kulabu moja na uzi wa pamba, vilienea kutoka Mwanza hadi Nyeri, na wengi wanavikumbuka kwa kuvicheka siku hizi, wakiviona ushamba. Wanasahau utaratibu wake. Vilifuliwa, vikatiwa wanga, vikaanikwa kwa kunyooshwa kila ncha, vikatandikwa upya Idi au Krismasi ilipokaribia, pengine siku ile ile ukuta ulipopigwa chokaa. Kitambaa chenyewe kilidumu miaka mingi, kwa hiyo thamani yake haikuwa katika kunyauka. Ilikuwa katika kwamba kilikuwa na siku zake, na mtoto aliyeamka akakuta makochi yamevishwa alijua bila kuambiwa kwamba sikukuu imefika. Mtungaji wa koja huyajua majira kwa mti wake. Mfumaji aliyatia majira nyumbani kwa kulabu yake. Sofa la leo lililonunuliwa na foronya zake halimwambii mtoto lolote.

Wapo watakaosema kwamba yote haya yalikuwa mzigo wa wanawake, na kwamba mwanamke wa leo anayetoka kazini saa kumi na mbili, akapanda daladala au matatu, hana alasiri ya kumpa mtu, sembuse kitumba. Wanasema kweli, na yeyote anayetaka kumrudisha mwanamke huyo uani kwa jina la mila simuungi mkono. Lakini tuangalie tulichofanya baada ya kuliona tatizo. Tungeweza kuigawa kazi. Bwana harusi wa pwani huvishwa koja la asumini shingoni mbele ya watu wote, na hakuna anayeona limempunguzia uanaume. Sijui ni kwa nini mkono wake uonekane umedhalilika ukishika sindano. Tungeweza pia kuinunua kazi kwa bei ya haki kutoka kwa akina mama wanaotunga na kuuza vikuba na makoja jioni katika mitaa ya Mji wa Kale Mombasa na Mji Mkongwe, ambao kwa wengi wao hiyo ndiyo riziki. Hatukufanya hili wala lile. Tulinunua plastiki, na fedha ambayo ingebaki mtaani ikavuka bahari.

Nao wanaotetea plastiki kwa kudumu kwake, wayatazame maua hayo yakiwa na miaka mitatu. Jua la dirishani limeyapausha upande mmoja, vumbi limeingia kwenye mikunjo isiyofikiwa na kitambaa, na kwa kuwa hayana harufu, chumba kinapulizwa dawa ya kopo ili kinukie maua ambayo mezani hayanukii. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017 na Tanzania ikafuata mwaka 2019, na wananchi wengi walitii. Ni ajabu kwamba plastiki tuliyoitoa mkononi tumeiacha itawale sebuleni na kwenye kumbi za harusi, ambako wapambaji hufunika jukwaa zima kwa maua hayo na kuyakodisha wiki inayofuata kwa maharusi wengine.

Ajabu nyingine ni kwamba tunaishi katika nchi za maua. Kando ya Ziwa Naivasha waridi hukuzwa katika mahema makubwa ya plastiki, zikakatwa, zikapozwa, zikapandishwa ndege kwenda Ulaya, na Kenya ni miongoni mwa nchi zinazouza maua mengi zaidi duniani. Siwalaumu wafanyakazi wake, ambao familia nyingi zinawategemea. Lakini waridi hizo zimechaguliwa kizazi baada ya kizazi ili zistahimili safari na zikae siku nyingi kwenye chombo, na katika uchaguzi huo harufu mara nyingi imepotea. Hupatikana Ulaya kukiwa na theluji kama zinavyopatikana kukiwa na jua. Hilo nalo ni ua lililotolewa katika wakati, hata kama ni ua hai, na kuwa nalo karibu hakujaturudishia tulichokiacha, kwani zinazobaki hapa huonekana zaidi mwezi Februari, zimefungwa kwa utepe mwekundu.

Wakaazi wa ghorofa husema hawana ua wa nyuma. Hoja hii ndiyo nyepesi kuliko zote. Mwasumini hukua vizuri katika ndoo iliyotobolewa chini, mradi upate jua, na kila ukikatwa matawi hutoa mapya yenye kuchanua. Rihani huota hata kwenye kopo la maziwa. Anayepata vitumba kumi kwa siku hawezi kutunga koja, lakini anaweza kuviweka katika kisahani cha maji kando ya kitanda, na chumba kitajua kwamba jioni imeingia. Anayekosekana ni yule wa kumwonyesha kwamba vinachumwa alasiri, kwa sababu wanaojua wanazeeka, na mabinti zao wengi hawakuketi nao.

Wewe mwenye harusi mwaka huu, kabla hujamlipa mpambaji, muulize maua yake ni ya nini. Akikwambia ni ya plastiki, toa sehemu ya fedha hiyo uwapelekee akina mama wanaotunga katika mji wako, na uwape taarifa mapema, kwa maana vitumba lazima vichumwe siku yenyewe na watahitaji mikono ya kutosha. Mpeleke na binti yako au mwanao wa kiume akakae nao alasiri hiyo. Ukimaliza, waombe tawi moja ukalipande nyumbani. Tawi la mwasumini lililokatwa wakati wa mvua huota mizizi bila dawa yoyote.